Mara ya Kwanza Haimpimi Mtu

Mbele ya mtu imewekwa karatasi yenye mchoro. Mchoro umekatwa kipande, kama kitenge kilichotobolewa kwa mkasi, na chini yake vimepangwa vipande vidogo. Vyote vinalingana kwa ukubwa, lakini ni kimoja tu kinachofuata mistari ya kitambaa. Mtu anaambiwa achague. Akishachagua, karatasi inageuzwa, inakuja nyingine iliyo ngumu kidogo kuliko ile, kisha nyingine, mpaka michoro 60 iishe. Jaribio hilo lilitungwa na mwanasaikolojia Mwingereza John C. Raven, likatolewa mwaka 1938, na kwa sababu ya mwaka huo Wafaransa na Wabelgiji walizoea kuliita Matrix 38. Halidai kusoma wala kuandika. Basi wengi waliamini kwamba linapima akili tupu, akili isiyochanganyika na shule, wala lugha, wala mahali mtu alipozaliwa.

Katika miaka ya 1950 karatasi hizo zilifika Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyokuwa na migodi, viwanda, makambi, hospitali na shule kuanzia Élisabethville, Lubumbashi ya leo, hadi Kolwezi, ilikuwa na kituo chake cha saikolojia na ualimu. Wafanyakazi, watoto wa shule na wanakijiji waliwekwa mbele ya michoro, wakahesabiwa alama. Lililofuata baada ya alama za kwanza ndilo lililonifanya niandike. Lakini ili lieleweke, lazima turudi nyuma, kwenye vilima vya Likasi na Kambove, kabla ya kampuni yoyote kuweko.

Shaba ya Katanga haikugunduliwa na wahandisi. Katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba, kaskazini ya hapo, wanaakiolojia wamefukua misalaba midogo ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu karne nyingi kabla Mbelgiji wa kwanza hajafika. Mafundi walichimba malakiti, lile jiwe la kijani, wakati wa kiangazi. Walilivunja, wakalichagua kwa mkono, wakajenga tanuru, wakawasha makaa na kuvukuta mpaka madini yatiririke, kisha wakayamimina katika kalibu za umbo la msalaba. Mwaka 1926 askofu wa baadaye wa Katanga, Mbenedikti Jean-Félix de Hemptinne, alichapisha makala ndefu juu ya watu hao, akiwaita wala shaba wa Katanga. Aliieleza kazi yao hatua kwa hatua, kwa makini ya mtu anayejua kwamba anaangalia jambo kubwa.

Fikiria kijana aliyejifunza kazi ile. Hakuna aliyemwandikia somo. Alianza kwa kubeba mawe, na katika kubeba akaona yapi yanapokelewa na yapi yanatupwa. Baadaye aliachiwa mvukuto chini ya macho ya mkubwa. Rangi ya moto aliijua baada ya kuiona mara nyingi, kila mara karibu na mtu aliyekwisha kuijua. Lugha yetu imelihifadhi jambo hili ndani ya maneno yake yenyewe: kufunda, kufundwa, fundi, fundisho, mwanafunzi, yote ni matawi ya mti mmoja. Anayejua kazi na anayefunzwa wanaitwa kwa neno la ukoo mmoja, kana kwamba waliotunga neno hawakuona sababu ya kutenganisha karakana na darasa.

Na wapo Waluba, majirani wa kaskazini, ambao wanachama wa chama chao cha Mbudye walitumia lukasa: ubao mdogo unaotosha kushikwa kwa mkono mmoja, umepachikwa shanga na kuchongwa alama. Ushanga mmoja mkubwa uliozungukwa na vidogo unaweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga ni safari. Nafasi tupu nayo ina maana yake. Mwenye ujuzi hupitisha kidole juu yake na kusimulia nasaba, uhamiaji, mipaka na miiko. Ubao hauhifadhi maneno. Unahifadhi mpangilio, na maneno yanajengwa upya kila mara juu ya mpangilio huo. Wanasaikolojia wa karne ya 20 walitumia miaka mingi kufikia kauli hiyo kuhusu kumbukumbu ya binadamu: kwamba hatuweki vitu kimoja kimoja kama magunia ghalani, tunaviweka katika maumbo tunayoyajua tayari.

Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville 1910, na tanuru la kwanza la Lubumbashi likatoa shaba 1911. Huku Likasi kazi ilichukua sura nyingine. Mwaka 1921 ulianza mtambo wa Panda wa kuchambua na kukoleza madini, na mwaka 1929 ukaanza mtambo wa Shituru, ambako madini yaliyeyushwa katika asidi ya salfa na shaba ikavutwa kwa umeme kutoka kwenye maji hayo hadi igande juu ya mabamba. Mji ulipewa jina la mhandisi Jean Jadot, ukaitwa Jadotville, na haukurudishiwa jina lake mpaka 1966. Panda, Shituru na Kikula, majina ambayo leo ni ya komuni zake, yalikuwa majina ya sehemu za kazi na makambi.

Tofauti kati ya kazi ya tanuru la kale na kazi ya Shituru ni kubwa kwa anayejifunza. Fundi wa malakiti aliliona jambo lake lote: jiwe, moto, shaba ikitiririka. Kwenye mabirika ya umeme hakuna cha kuona. Maji ni yaleyale leo na jana, umeme hauna rangi, na kosa la asubuhi linajitokeza siku kadhaa baadaye, bamba linapotolewa likiwa na vinundu au limegandamana na jirani yake. Kazi ya namna hii haishikiki kwa kutazama mikono ya mwenzako peke yake. Anayeifanya inabidi awe na picha kichwani ya kinachotendeka ndani ya birika. Na picha hiyo, nani aliitoa kwa wafanyakazi wa Shituru wa miaka ya 1930?

Jibu ni kwamba kwa sehemu kubwa hakuna aliyeitoa. Walioajiriwa walitoka Kasai, Lomami, Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi. Katika miaka ya mwanzo amri zilitolewa kwa Kiingereza kibovu na kwa lugha ya mchanganyiko ya migodi ya kusini; baadaye kampuni na serikali zikaegemea Kiswahili. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyeishi na kufundisha Lubumbashi, aliandika mwaka 1986 kitabu kizima juu ya namna Kiswahili kilivyochukuliwa kuwa chombo cha utawala katika Kongo ya Wabelgiji kati ya 1880 na 1938. Ukivisoma vitabu vidogo vya maneno vilivyotungwa kwa ajili ya wazungu wa wakati ule, unasikia sauti moja: leta, beba, ngoja, fanya hivi, usifanye vile. Ni lugha ya amri. Msimamizi aliijua nusu, mfanyakazi kutoka Kasai au Ruanda naye aliijua nusu, na katikati yao kulikuwa na birika la asidi. Hakukuwa na nafasi ya neno kama "kwa sababu".

Hata hivyo watu walijifunza. Hilo ni la kusemwa kwa sauti, kwa kuwa historia ya viwanda huandikwa mara nyingi kana kwamba ujuzi ulishuka kutoka juu. Katanga haikuwa na sheria ya kuwazuia Waafrika kazi za ufundi kama ile ya migodi ya Afrika Kusini, na tangu miaka ya 1920 kampuni, ikitafuta kupunguza gharama za wafanyakazi wa kizungu, iliwapa Waafrika mashine moja baada ya nyingine. Mwishoni mwa miaka hiyo ilianza sera ya kuwaweka wafanyakazi na familia zao makambini kwa mikataba ya miaka mitatu. Ikaja posho, ikaja zahanati, zikaja shule zilizokabidhiwa wamisionari Wabenedikti, walewale wa askofu de Hemptinne. Ninapoisoma makala yake ya 1926 nakaa kidogo na jambo hili. Mtu aliyewaheshimu wayeyushaji wa shaba kiasi cha kuandika kila hatua ya kazi yao ndiye aliyekuwa mkuu wa shule za watoto wa kambi, na katika shule hizo ujuzi wa wayeyushaji haukuwa somo. Mtoto aliingia darasani kama aliyekuja mikono mitupu.

Desemba 1941 wafanyakazi wa Likasi na Élisabethville waligoma wakidai mishahara. Askari walifyatua risasi, watu wakafa katika miji yote miwili. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ikawa na haja ya wafanyakazi wenye elimu zaidi kwa ajili ya mashine mpya, na pia ya kuwaelewa watu wake. Hapo ndipo saikolojia ilipoingia.

André Ombredane alikuwa Mfaransa, daktari na mwanafalsafa, aliyejulikana kwanza kwa kazi yake juu ya wagonjwa waliopoteza uwezo wa kusema. Baada ya kukaa Brazil wakati wa vita alichukua kiti cha saikolojia katika Chuo Kikuu Huru cha Brussels, na kutoka hapo akaanza safari za utafiti Kongo. Mwaka 1955 yeye na Jean-Marie Faverge walichapisha kitabu juu ya uchambuzi wa kazi ambacho wataalamu wanaotumia Kifaransa mpaka leo wanakihesabu kuwa chanzo cha taaluma yao. Wazo lake linaweza kuelezwa hivi: kabla hujamfundisha au kumchagua mtu kwa kazi, jiulize maswali mawili yasiyochanganywa. La kwanza, kazi yenyewe inadai nini? La pili, mtu anayeifanya, anaifanyaje hasa: anaangalia wapi, anasubiri ishara gani, anaamua kwa kufuata nini? Msimamizi hujibu la kwanza kwa haraka, na la pili halijui kabisa. Anayeujua mtambo wa Shituru ataona mara moja uzito wa swali la pili, maana kilichoandikwa katika kanuni za mtambo ni kidogo kuliko anachokifanya mtu wa zamu ya usiku.

Huu, kwa maoni yangu, ndio mlango halisi wa kile ambacho leo vyuo vinakiita usanifu wa mafunzo: kwamba somo lipangwe kwa kuanzia kwenye akili ya anayefanya kazi, wala si kwenye orodha ya mambo ambayo mwalimu anataka kuyamaliza.

Sasa turudi kwenye karatasi zenye michoro. Mwaka 1956 Ombredane, pamoja na Francine Robaye na Plumail, walitoa matokeo ya utafiti ambao ndani yake jaribio la Raven, lile toleo la rangi lenye michoro 36, halikutolewa mara moja. Lilirudiwa. Watu walewale, michoro ileile, bila kuambiwa jibu lipi lilikuwa sahihi. Waliojaribiwa walikuwa Wakongo, watu wa vijijini ambao hawakuzoea karatasi. Alama zikapanda. Hilo pekee lingeweza kupuuzwa, kwani nani asiyeboreka kwa kurudia? Lakini kulikuwa na jambo la pili, zito zaidi. Alama za baadaye ziliendana vizuri zaidi na vipimo vingine vya uwezo wa watu wale kuliko alama za kwanza. Yaani jaribio lilipotolewa mara ya kwanza halikuwa likipima kile lilichodai kupima. Lilipima ugeni.

Fikiria kinachomkabili mtu aliyeketi mbele ya karatasi kwa mara ya kwanza. Lazima ajue kwamba mistari hii ni picha ya kitu kilichokatwa, na kwamba vile vya chini ni vya kuchaguliwa, si mapambo. Jibu ni moja tu. Mgeni aliyeleta karatasi analijua na hataki kulisema, na huko hakumaanishi dharau wala mtego. Tena michoro imepangwa kutoka rahisi kwenda ngumu, kwa hiyo kilichosaidia kwenye mmoja kitasaidia kwenye unaofuata. Haya yote mtoto wa Brussels aliyafahamu tangu miaka minne, kutoka kwenye vitabu vya picha na michezo ya kupanga vipande. Mtu mzima wa kijijini Kasai alipaswa kuyagundua yote peke yake, palepale, huku akihesabiwa alama. Mara ya pili alikuwa ameshayagundua, na akili yake ikawa huru kufanya kazi iliyoulizwa.

Katika kituo cha Katanga, J. L. Laroche alifuata njia hiyohiyo. Mwaka huohuo wa 1956 alichapisha uchambuzi wa makosa kwenye Matrix 38. Hakuhesabu makosa tu, aliyatazama yalikuwa ya namna gani, kwa kuwa jibu lisilo sahihi mara nyingi lina mantiki yake. Mwaka 1959 akaeleza matokeo ya kurudia jaribio hilo kwa watoto wa Katanga. Kati ya hayo mawili, Ombredane na wenzake walikuwa wametoa, mwaka 1957, uchambuzi wa jaribio hilo kwa Waluba 485. Kwa miaka michache, mashimo ya shaba ya Katanga na vijiji vya Kasai vilikuwa mahali ambapo swali la msingi la elimu lilichunguzwa kwa makini kuliko sehemu nyingi za dunia: ukiona mtu ameshindwa, umeona nini hasa?

Si wote waliosikia. Katika miaka hiyohiyo Mbelgiji Robert Maistriaux aliandika mfululizo wa makala juu ya alichokiita kuchelewa kwa Waafrika, akitegemea majaribio na kutoa hukumu nzito juu ya watu wazima na watoto. Yeye na Ombredane walisafiri nchi moja, wakakutana na watu wa aina moja. Tofauti yao kubwa kwangu ni hii: mmoja alipoona alama ndogo alirudi na karatasi tena.

Mwaka 1956 una bahati ya pekee katika historia hii. Huko Marekani George Miller alichapisha makala yake maarufu juu ya idadi ya vitu ambavyo akili inaweza kuvishika kwa mara moja, saba, pungufu mbili au zaidi mbili. Makala hiyo huhesabiwa miongoni mwa vianzo vya saikolojia ya utambuzi, iliyoacha kumtazama mwanafunzi kama mnyama wa kuzoezwa kwa thawabu na adhabu, ikaanza kuuliza kinachotendeka kichwani. Miller alionesha kwamba ukomo wa saba unaweza kuzungukwa: ukikusanya vitu vidogo katika kifungu kimoja chenye maana, kifungu kizima kinakaa nafasi ya kitu kimoja. Anayeshika lukasa alilijua hilo kwa vidole.

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka. Jerome Bruner, 1960, alitetea kwamba somo lolote linaweza kufundishwa kwa uaminifu kwa mtoto wa umri wowote, mradi lipewe umbo linalomfaa. Robert Gagné, aliyewahi kufanya kazi na mafunzo ya jeshi la anga la Marekani, alieleza mwaka 1965 jinsi ujuzi mkubwa unavyojengwa juu ya ujuzi mdogo, ngazi kwa ngazi, na kwamba anayeshindwa juu huenda amekosa kipande cha chini. David Ausubel, 1968, alisisitiza kwamba jambo kuu kuliko yote katika kujifunza ni kile mwanafunzi anachokijua tayari. Na John Sweller, huko Australia mwaka 1988, alianza kuonesha kwamba kumwachia mgeni atatue tatizo peke yake kunaweza kuijaza akili yake kiasi kwamba hakuna nafasi iliyobaki ya kujifunza chochote. Apewe kwanza mifano iliyokwisha kutatuliwa, kisha mifano iliyoachwa hatua moja, kisha mbili, mpaka asimame mwenyewe.

Chukua Shituru tena. Kijana anafika kwenye mabirika akiwa na Kiswahili cha miezi sita. Anaambiwa kwa wakati mmoja: jihadhari na asidi, hesabu mabamba, angalia kipimo, usiguse hapa, mwite msimamizi ukiona vinundu. Kila neno kwake ni kitu kipya kinachodai nafasi kichwani, na nafasi zimejaa kabla hajafika kwenye birika la pili. Anaonekana mzito. Fundi wa miaka kumi, anayepita njia hiyohiyo, haoni vitu vitano. Anaona birika zuri au birika baya, kwa mtupo mmoja wa jicho. Si kwamba ana akili pana zaidi. Vitu vitano vimekuwa kifungu kimoja.

Mwingereza Frederic Bartlett aliligusa hili mapema zaidi. Katika kitabu chake cha 1932 alisimulia juu ya mchungaji wa Swaziland aliyekumbuka ng'ombe waliokuwa wamenunuliwa zaidi ya mwaka mmoja nyuma, rangi, bei na muuzaji wa kila mmoja, akakosea mambo mawili madogo tu. Bartlett hakumwona kuwa na kumbukumbu ya ajabu. Ng'ombe walikuwa ulimwengu wa mtu yule, na kila jambo jipya juu yao lilipata mahali pa kukaa. Katika miaka ya 1960 John Gay na Michael Cole walikuta jambo la jamii hiyohiyo Liberia: wakulima wa Kpelle, ambao watoto wao walishindwa hesabu za shule, walikadiria kiasi cha mchele kwa usahihi uliowashinda Wamarekani.

P. A. Schwarz, akitunga majaribio Nigeria, alifikia mwaka 1961 kanuni ambayo Ombredane angeifurahia, lakini alikuwa amefariki mwaka 1958: mtihani wenyewe ufundishwe kwanza, kwa mifano na mazoezi, hadi kila mtu aelewe anachoulizwa, ndipo upimaji uanze.

Kampuni, kwa upande wake, ilichukua kutoka utafiti huu sehemu ndogo kuliko iliyostahili. Majaribio yalitumika kuchagua: nani aende shule ya ufundi, nani abaki na koleo. Kuchagua ni rahisi kuliko kufundisha. Utafiti ulikuwa umeonesha kwamba alama ya kwanza ni mwanzo wa mazungumzo, lakini kiwanda kinachotaka watu Jumatatu hakina subira ya mazungumzo. Naandika hili kwa uchungu, kwa kuwa ushahidi ulikuwa umekusanywa katika ardhi hiyohiyo, na watoto waliohesabiwa alama walikuwa wa makambi hayohayo.

Kisha historia ikaharakisha. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na siku 11 baadaye Katanga ikajitenga. Likasi ikaona vita vya Septemba 1961 kati ya askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ireland na majeshi ya Katanga. Mwaka 1967 serikali ilichukua mali ya kampuni, ikazaliwa ile iliyokuja kuitwa Gécamines, ambayo wafanyakazi wake walizoea kuiita baba na mama. Kwa miaka kadhaa iliendelea na shule zake, na Wakongo wakashika nafasi za wahandisi. Kufikia miaka ya 1990 ilikuwa imeporomoka. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na maelfu walilala katika kituo cha reli cha Likasi wakisubiri treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Pamoja nao waliondoka walimu na mafundi. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Kila mmoja alitoka na kile ambacho Ombredane alikuwa amekiuliza kwa swali lake la pili: anaangalia wapi, anasubiri ishara gani. Mambo hayo hayakuwa yameandikwa katika kanuni za mtambo, kwa hiyo hayakubaki kwenye mtambo.

Darasani swali la lugha nalo limebaki. Mtoto wa Kikula anasema Kiswahili nyumbani, sokoni na njiani, kisha anakutana na hesabu kwa Kifaransa. Anabeba mizigo miwili kwa mara moja, lugha ngeni na wazo geni, na mwalimu anayesahihisha daftari hana njia ya kujua ni mzigo upi uliomwangusha. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilitambua hilo, ikaweka lugha za taifa au za mazingira ya mtoto kuwa lugha za kufundishia katika miaka ya mwanzo ya shule ya msingi. Sheria ni nzuri. Inahitaji vitabu, walimu waliofunzwa kufundisha hesabu kwa Kiswahili, na maneno ya hesabu ambayo mtoto wa Likasi anayasikia kama yake, na hayo hayatokei kwa kusainiwa.

Pembeni ya mji wa Likasi, kwenye marundo ya zamani, wachimbaji wadogo wanapanga mawe kabla ya kuyapeleka kwa wanunuzi. Huko wanunuzi wana kifaa kidogo cha kielektroniki kinachosoma kiwango cha madini. Mchimbaji ana jicho na kiganja. Malakiti ya kijani haina shida. Kazi iko kwenye heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti, ambalo kwa mgeni halitofautiani na jiwe lolote jeusi. Mzee hulilowesha maji, huligeuza juani, hulipima uzito mkononi, kisha humpa kijana aliye karibu naye aseme ni lipi. Kijana akikosea, mzee hasemi kitu. Huinama, huokota jiwe jingine, humpa.